Nilivyofuta Linux kwa mkono wangu, na historia ya ugomvi wa mlangoni

Najua nimepotea humu kama wiki tatu hivi, na wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko jamani, bado nipo nipo hapa Chimwaga na vumbi langu. Kilichonipata ni laptopu. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa Historia, nimeshindwa kuwapa kisa kikavu, nimekichimbua mpaka mzizi. Kwa hiyo chukua karanga zako, kaa vizuri, leo ni ndefu.

Wengi mnajua laptopu yangu ni ile mzee, nilinunua mkononi kwa bumu la mwaka wa kwanza. Ina mifumo endeshi miwili: Windows 10 na Ubuntu, ambayo ni moja ya Linux. Mwaka wa pili jamaa mmoja wa pale CIVE alinionea huruma jinsi mashine ilivyokuwa inahema, akaniwekea Ubuntu pembeni ya Windows. Ukiwasha inakuuliza, leo unaingia wapi? Unachagua kwa mishale, unabonyeza, basi. Nikaizoea, kazi zangu zote za maana nikawa nafanyia upande wa Ubuntu. Windows ikabaki ya muvi na ya kufungulia mafaili ya watu.

Sasa utafiti wangu wa mwaka wa tatu unahusu Operesheni Dodoma, ile ya 1970 na 1971 ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa. Nimezunguka vijijini kwa bodaboda na kwa miguu, nikarekodi wazee tisa kwa simu. Saa kama kumi na moja za sauti, nyingine nusu Kigogo nusu Kiswahili. Mmoja wao alikuwa bibi aliyenikaribisha kwa uji wa uwele, akanieleza jinsi walivyobomoa nyumba yao wenyewe ili mbao zikajengee kule walikopelekwa. Mwezi mmoja baadaye nikasikia amefariki. Sauti zote zilikuwa kwenye folda moja upande wa Ubuntu. Kwenye simu nilishazifuta ili nipate nafasi. Nakala nyingine? Usiniulize.

Basi jioni moja Windows ikaniambia diski C imejaa. Nikafungua ile sehemu ya kusimamia diski. Nikaona vipande vinne: kadogo ka mwanzo, C, D, halafu kimoja cha mwisho, gigabaiti 60, hakina herufi, hakina jina, kimekaa tu. Moyoni nikasema hiki nacho kinafanya nini hapa? Kichwani mwangu Ubuntu ilikuwa "ndani ya D", maana jamaa aliniambia ameikatia nafasi kwenye D. Nikakifuta. Nikataka nafasi ile niiunganishe na C, ikakataa kwa sababu D imekaa katikati. Nikaona isiwe tabu, nikazima na kuwasha upya.

Kioo cheusi. Mstari mmoja kwamba hakuna patisheni kama hiyo, halafu chini yake:

grub rescue>

Na kile kidude kinapepesa. Windows haiji, Ubuntu haiji. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifuta. Wadau, nilikaa kitandani nikaangalia ukuta.

Kesho yake nikateremka mjini, fundi mmoja karibu na Jamatini akaiangalia sekunde kumi akasema, "Hii tunapiga window upya, elfu kumi na tano, saa nane unaichukua." Nikamuuliza na mafaili yangu je? Akasema mafaili si yameshafutika. Nikaichukua laptopu yangu nikapanda daladala. Sikujua kwa nini, ila neno "yameshafutika" lilinigomea. Nikarudi chuo, na usiku huo nikaanza kusoma kwa simu. Hiki kinachofuata ndicho nilichokikuta.

KWANZA, BUTI NI NINI

Waliopita JKT Makutupora wanajua buti ni nini, teh teh. Kumbe hata hii ya kompyuta inatoka kwenye buti zilezile za kuvaa. Wazungu wana msemo wa mtu anayejiinua kutoka ardhini kwa kuvuta kamba za buti zake mwenyewe, yaani jambo lisilowezekana. Na kompyuta inapowashwa ipo kwenye tatizo hilohilo. Ili isome diski inahitaji programu, na programu yenyewe iko kwenye diski. Nani aanze?

Jibu lao likawa hili: ndani ya mashine kuna programu ndogo sana isiyofutika kwa kuzima umeme. Kwenye IBM PC iliyotoka mwaka 1981 ikaitwa BIOS. Hiyo haijui Windows wala Linux. Inachojua ni kwenda kwenye diski, kusoma kipande cha kwanza kabisa, na kukiamini. Kipande hicho ni baiti 512 tu. Ukiandika kwa herufi za kawaida, ni aya moja tu.

Mwaka 1983 IBM walitoa PC XT yenye diski ngumu ya megabaiti 10, na DOS 2.0 ikaja na mpangilio wa hizo baiti 512 ambao umeishi miongo mingi. Baiti 446 za mwanzo ni za msimbo wa kuamsha mfumo. Baiti 64 zinazofuata ni jedwali la patisheni, mistari minne, kila mmoja baiti 16. Mbili za mwisho ni muhuri. Kwisha.

Sasa tazameni vizuri hapo, maana ndipo ugomvi wote ulipozaliwa. Jedwali lina nafasi nne, yaani tangu mwanzo walijua mtu anaweza kuweka zaidi ya mfumo mmoja kwenye diski moja. Lakini bawabu ni mmoja. Vyumba vinne, mlango mmoja, na aliyeingia mwisho ndiye anayebadilisha kitasa.

MWANAFUNZI WA HELSINKI

Mwaka 1991 kule Ufini kulikuwa na mwanafunzi wa chuo kikuu anaitwa Linus Torvalds, umri miaka 21, rika letu kabisa. Alinunua kompyuta mwezi wa kwanza mwaka huo, akaweka mfumo unaoitwa Minix uliokuwa wa kufundishia, na juu yake akaanza kuandika wa kwake. Tarehe 25 Agosti akautangaza kwa wenzake. Ndiyo Linux.

Sasa sikilizeni hii, maana nilipoisoma nilicheka peke yangu gizani wakati mwenzangu amelala. Kwenye kitabu chake cha mwaka 2001, Just for Fun, Linus anaeleza kwamba wakati fulani alitaka kupiga simu kwa modemu kwenda kwenye kompyuta za chuo, akakosea jina la kifaa, akapeleka zile amri za kupigia simu moja kwa moja kwenye diski yake. Akaiharibu patisheni ya Minix! Ilibidi achague, arudishe Minix au aendelee na Linux yake iliyokuwa bado changa. Akaendelea na Linux.

Yaani mwenye Linux mwenyewe alikuwa na mifumo miwili kwenye mashine moja, na akaua mmoja kwa mkono wake. Sikujiona mjinga sana baada ya hapo.

Tofauti ni kwamba yeye aliyepoteza kilikuwa ni chombo cha kazi. Mimi nilipoteza sauti ya bibi.

MABAWABU

Linux ilipoanza kutumiwa na watu waliokuwa tayari na DOS au Windows, ikahitajika programu ya kukaa mlangoni na kuuliza "unaingia wapi?". Mwaka 1992 Werner Almesberger akaanza kuandika LILO. Ilifanya kazi, ila ilikuwa na tabia moja: haikujua kusoma mafaili. Iliandika tu kwamba keneli ya Linux ipo sehemu fulani na fulani za diski. Ukibadilisha keneli ukasahau kuiambia LILO, siku ya kuwasha inakwenda pale pa zamani na kukuta mtu mwingine. Na wakati mwingine ilikuwa inaandika "LI" inakwama hapohapo, haimalizii hata jina lake.

Mwaka 1995 Erich Boleyn akaanza GRUB, na baadaye mradi wa GNU ukaichukua. GRUB ilikuja na akili zaidi: inajua kufungua patisheni na kusoma mafaili humo. Lakini programu yenye akili haiwezi kuenea kwenye baiti 446. Kwa hiyo wakaigawa. Kipande cha kwanza kikakaa kwenye zile baiti za mwanzo. Cha pili kikajibanza kwenye ka-nafasi katupu kabla ya patisheni ya kwanza. Na kilichobaki, pamoja na orodha ya kuchagua, kikawekwa ndani ya patisheni ya Linux yenyewe.

Hapo sasa kisa changu kikaanza kueleweka. Nilipofuta patisheni ya Ubuntu, bawabu alibaki getini, ila daftari lake lilikuwa ndani ya nyumba niliyoifuta. Akabaki amesimama anasema "nyumba siioni, niokoeni". Ndiyo maana ya grub rescue. Na Windows, ambayo ilikuwa nzima kabisa chumbani kwake, haikuweza kuamka kwa sababu anayepaswa kuigongea ni bawabu huyohuyo.

Kwa upande wa pili, Windows za enzi hizo ukiziweka baada ya Linux zilikuwa zinaandika msimbo wao mlangoni bila kuuliza. Linux ipo nzima, ila hakuna wa kuigongea. Wengi waliopigiwa window na mafundi wakaambiwa "Linux imefutika" hawakufutiwa kitu, walibadilishiwa bawabu tu.

KWETU HUKU

Mnaweza kuuliza, haya yanatuhusu nini sisi wa Dodoma? Yanatuhusu sana, na kwa mtu wa Historia sehemu hii ndiyo tamu.

Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu, ICT 1500, iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka michache baadaye jitihada za kuhamishia mahesabu ya serikali kwenye kompyuta zilikwenda mrama, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo, marufuku! Zuio lilikuja kulegezwa miaka ya 1980. Kwa hiyo wakati wenzetu wanapangiana hizo baiti 512, sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunafungua geti.

Tulipoingia tuliingia na Windows, na nyingi zilikuwa za kunakili. Lakini mwaka 2004 kuna jambo lilitokea ambalo nadhani linastahili kuingia kwenye mitihani yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46 na fedha za Sida, walikuwa na mradi unaoitwa Kilinux. Mwezi Desemba 2004 wakatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, bure. Mwaka huohuo Microsoft nao walikuwa wametangaza mpango wa kuleta bidhaa zao kwa Kiswahili. Yaani kwa mara ya kwanza pande zote mbili zilikuwa zinaigombea lugha yetu.

Na tarehe 20 Oktoba 2004 ndipo Ubuntu ya kwanza ilipotoka, ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe halihitaji tafsiri kubwa kwetu, ni utu. Walikuwa na utaratibu wa kukutumia CD kwa posta bila malipo, mpaka walipousitisha mwaka 2011. Kwa nchi ambayo kabla ya mkonga wa SEACOM kufika Dar Julai 2009 intaneti ilitegemea setilaiti, kupakua megabaiti 700 kwenye intaneti kafe ilikuwa ni kutafuta ugomvi na mwenye kafe. Bahasha ya posta ilikuwa na kasi zaidi.

Chuo chetu kilianza 2007. Aprili 2008 Ubuntu 8.04 ikaja na njia inayoitwa Wubi, unaiweka Ubuntu ndani ya Windows kama programu nyingine tu, inakaa kwenye faili moja kubwa bila kukata diski. Nina hakika ile dhana yangu ya "Ubuntu iko ndani ya D" ingekuwa sahihi kama ningeishi enzi hizo. Wubi iliachwa mwaka 2013. Mimi nilikuwa na fikra za 2008 kwenye mashine ya leo.

Halafu jamani, nani anashangaa mifumo miwili kwenye diski moja? Nchi yetu yenyewe ilikuwa hivyo. Mwaka 1973 tuliamua makao makuu ni Dodoma, Bunge likaja, wizara zikabaki Dar. Ukiwasha nchi inakuuliza, leo unaingia Dodoma au Dar? Mpaka Julai 2016 Rais Magufuli alipotangaza serikali inahamia huku, na mwaka 2018 ikatungwa sheria. Miaka zaidi ya 40 ya kuchagua kwa mishale.

MLANGO MPYA, UFUNGUO WA NANI?

Zile baiti 512 zilikuja kuzidiwa. Jedwali lile la zamani haliwezi kuhesabu diski zaidi ya terabaiti 2, na nafasi ni nne tu. Intel walikuwa wameshaanza utaratibu mwingine, na mwaka 2005 kampuni nyingi zikaunda jukwaa la pamoja la kuusimamia. Unaitwa UEFI. Badala ya bawabu mmoja, kuna patisheni ndogo maalumu ambamo kila mfumo unaweka folda yake: ya Microsoft hapa, ya Ubuntu pale. Mashine yenyewe inatunza orodha ya nani aanze. Ugomvi wa kitasa ukapungua, ukaja ugomvi wa nani awe wa kwanza kwenye foleni.

Oktoba 2012 ikatoka Windows 8, na mashine zilizouzwa nayo zikaja na Secure Boot. Maana yake mashine haiamshi kitu kisicho na saini inayotambulika, na saini iliyokuwamo kwenye karibu kila mashine ni ya Microsoft. Watu wa Linux walishtuka. Suluhisho lililopatikana, kazi ya Matthew Garrett na wenzake, ni kijiprogramu kinachoitwa shim: Microsoft wanakitia saini, chenyewe kinaiamini GRUB. Kwa hiyo Linux siku hizi inaingia mlangoni kwa barua ya utambulisho iliyosainiwa na jirani yake.

Na barua inaweza kukataliwa. Agosti 2024 sasisho la Windows lilileta orodha mpya ya vipakizi vya zamani visivyoaminika tena. Nia ilikuwa usalama, na mashine zenye mifumo miwili hazikutakiwa kuguswa, ila nyingi ziliguswa. Watu wakawasha wakakuta ujumbe kuhusu SBAT na mashine ikazima. Yaani miaka 41 baada ya DOS 2.0, swali ni lilelile: nani ana mamlaka juu ya mlango?

TURUDI KWENYE SAUTI ZANGU

Kitu kilichonipa matumaini katika kusoma kote huko ni zile baiti 16. Unapofuta patisheni, mashine haifuti gigabaiti 60. Inafuta mstari mmoja kwenye jedwali. Nyumba ipo, kilichofutwa ni anwani. Mradi tu hujaandika kitu kingine juu yake. Na kumbuka, Windows ilikataa kuiunganisha na C! Lile katazo lililoniudhi ndilo lililoniokoa.

Asubuhi nikamfuata yule jamaa wa CIVE. Akanisikiliza, akacheka, kisha akaniuliza swali moja tu kwa sauti ya daktari: "Umeandika chochote baada ya kufuta?" Nikasema hapana. Akatoa flashi yenye Linux ya uokoaji, akawasha laptopu kutoka kwenye flashi hiyo, akafungua programu inaitwa TestDisk, ya Mfaransa Christophe Grenier. Inapita diski nzima ikitafuta alama za patisheni zilizopotea. Ilichukua muda, tukanywa chai. Ikaleta mstari wa kijani: Linux, mahali palepale, ukubwa uleule. Kabla ya kuandika chochote kwenye jedwali akaingia kwanza ndani kutazama mafaili. Folda ya utafiti ilikuwepo. Akanakili zile sauti kwenye flashi nyingine kwanza, ndipo akaurudisha mstari.

Akazima, akawasha. Ile orodha ya kuchagua ikatokea kama hakuna kilichotokea.

Nilifungua faili la bibi palepale kuhakikisha. Anaanza kwa kukohoa, halafu anauliza kama kile kisimu kinasikia kweli. Jamaa akaona nimenyamaza, akatoka nje kidogo.

YA KUBEBA MKONONI

Kwa wale wenye mifumo miwili, au mnaofikiria kuweka, haya ndiyo niliyojifunza. Chapisheni mkabandike ukutani:

1. Mashine ikiingia Windows moja kwa moja bila kuuliza, usikimbilie kuweka Linux upya. Kwenye mashine mpya, washa huku unabonyeza F2, F12 au Esc kutegemea aina, tafuta orodha ya kuamshia, iweke ubuntu mbele. Mara nyingi ni hilo tu.

2. Ukikuta grub rescue> na hukufuta patisheni, labda namba yake imebadilika. Andika ls uone vipande. Jaribu kimoja kimoja, mfano ls (hd0,msdos4)/boot/grub, mpaka upate chenye mafaili. Kisha: set root=(hd0,msdos4), set prefix=(hd0,msdos4)/boot/grub, insmod normal, normal. Ukishaingia Linux, mashine ya zamani ya BIOS endesha sudo grub-install /dev/sda halafu sudo update-grub. Hakikisha kwanza kwamba sda ndiyo diski yako.

3. Kama ulifuta patisheni, ACHA. Usiandike chochote, usipige window. Tafuta flashi na TestDisk, na anayejua.

4. Windows haionekani kwenye orodha ya GRUB? Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021 kazi ya kutafuta mifumo mingine imezimwa isipoamriwa. Kwenye /etc/default/grub weka GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha update-grub.

5. Ukikumbana na ule ujumbe wa SBAT: zima Secure Boot kwa muda, ingia Linux, endesha sudo mokutil --set-sbat-policy delete, washa upya uingie tena Linux, sasisha mfumo, ndipo urudishe Secure Boot.

6. Kabla ya kugusa Secure Boot au kukata diski, angalia kama Windows yako imefunga diski kwa BitLocker, na uandike ule ufunguo wa kuokolea kwenye karatasi. Ukiukosa, hata TestDisk haitakusaidia.

7. Zima ile namna ya Windows ya kuwaka haraka. Kwayo Windows haizimi kweli, inasinzia na diski mkononi, na Linux ikiingia inakuta mafaili yamefungwa. Amri ni powercfg /h off.

8. Saa ikiwa nyuma kwa saa tatu kila ukirudi Windows, mashine si mbovu. Linux inaweka saa ya dunia, Windows inadhani ni saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa saa tatu. Ingekuwa sita ningesema inasoma saa za Kiswahili, teh. Kwenye Linux andika timedatectl set-local-rtc 1.

9. Nakala. Nakala. Nakala.

Na kwa nini nawaandikia walimu watarajiwa haya yote? Kwa sababu Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11. Tutakwenda kwenye shule ambako kompyuta za msaada zimefunikwa vitambaa kwa sababu mtu alisema zimekwisha. Baadhi yake hazijaisha, zinahitaji mtu anayejua tofauti ya kufutika na kupoteza anwani. Huyo mtu anaweza kuwa mwalimu wa Historia.

Jumamosi iliyopita nilipanda bodaboda nikarudi kule kijijini na flashi. Niliwapa wajukuu wa bibi nakala yao. Hawana kompyuta, wana redio inayosoma flashi. Tukakaa chini ya mti tukaisikiliza yote, dakika sabini na kitu. Mjukuu mkubwa akaniomba nimwekee na kwenye simu yake, na ya mdogo wake, na ya shangazi aliye Manyoni. Kwa hiyo sasa nakala zipo tano, na hakuna hata moja inayotegemea laptopu yangu.

Haya wadau, naenda kumalizia sura ya tatu kabla msimamizi hajanitafuta. Tuonane wiki ijayo Mungu akipenda. Alamsiki.